Kamera za ulinzi: Nusu ya picha yauzwa kwa jina la picha nzima

MFANYABIASHARA anayefunga kamera za ulinzi katika fremu yake Kariakoo hulipia vitu vinne anavyoviona kwa macho: kamera, waya, mashine ya kurekodia na diski ya kuhifadhia. Kitu cha tano hakiandikwi kwenye risiti, nacho ndicho kinachoamua kama hivyo vinne vitamfaa siku atakayoibiwa. Kitu hicho ni hesabu, yaani kazi ya kukokotoa inayofanywa na chipu ndogo iliyomo ndani ya mashine ili picha zibanwe na kuenea kwenye diski.

Hesabu hiyo ina gharama, na watengenezaji hutafuta kila njia ya kuipunguza. Hapo ndipo soko linapogawanyika. Zipo mashine zinazoipunguza kwa akili, bila mnunuzi kupoteza chochote. Zipo pia zinazoipunguza kwa kutupa sehemu ya picha yenyewe. Kwenye rafu za maduka ya elektroniki, kuanzia Kariakoo hadi katikati ya jiji, maboksi ya aina zote mbili hukaa bega kwa bega, na mara nyingi tofauti ya bei ndiyo pekee inayomwambia mteja kuwa kuna tofauti nyingine.

Kwanza utazamwe ukubwa wa mzigo. Picha moja ya kamera ya kiwango cha 1080 ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwenda juu, jumla nukta 2,073,600. Kamera hutoa picha 25 kwa sekunde. Zikiandikwa zilivyo, bila kubanwa, kamera moja hutoa megabiti 622 kila sekunde, na diski ya terabaiti 1 hujaa kabla ya saa nne kupita. Duka lenye kamera nane lingehitaji diski mpya kila baada ya dakika 27 hivi. Hakuna biashara inayoweza kubeba gharama hiyo.

Mashine inayobana kwa utaratibu wa H.264, uliotolewa mwaka 2003, huushusha mzigo huo hadi megabiti 4 hivi kwa sekunde, na picha ikabaki nzuri kwa matumizi ya duka. Kwa kiwango hicho kamera moja hula gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nane huijaza diski ya terabaiti 1 kwa siku tatu kasoro, na diski ya terabaiti 4 hutunza rekodi za siku 11 na ushee.

Kubana huko mwenye duka anakufahamu tayari, maana ndivyo anavyohesabu mali yake. Hakuna muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo anayehesabu majora yote kila jioni. Huhesabu mali yote kwa siku maalumu, tuseme mwisho wa mwezi, kisha kila jioni huandika daftarini kilichoingia na kilichotoka tu. Mashine nayo huandika picha moja kamili, halafu kwa picha zinazofuata huandika mabadiliko peke yake: kilichohama, kilichoongezeka na kilichotoweka.

Kazi ngumu ni kukijua kilichohama. Picha hukatwa vipande vidogo vya nukta 16 kwa 16, na picha moja ya 1080 hutoa vipande 8,160. Kwa kila kipande mashine hujiuliza kilikuwa wapi katika picha iliyotangulia. Ikiamua kupekua kila mahali ndani ya eneo la nukta 16 kila upande, itapita sehemu 1,089, na katika kila sehemu italinganisha nukta 256. Hiyo ni milinganisho 278,784 kwa kipande kimoja tu. Ukizidisha kwa vipande vyote, kisha kwa picha 25, unapata milinganisho bilioni 57 hivi kila sekunde. Nayo ni kamera moja. Duka lina nane.

Ni sawa na mwenye mzigo aliyepotezana na mkokoteni wake sokoni, kisha akaamua kumtafuta mchukuzi mlango kwa mlango, kuanzia Msimbazi hadi Lumumba. Atampata, lakini lori la Tunduma litakuwa limekwisha kuondoka.

Wahandisi waliliona hilo mapema. Mwaka 1981 watafiti wa Japani walitoa njia ya kutafuta kwa hatua tatu. Mashine hupima sehemu tisa zilizotawanyika, huchagua iliyo karibu zaidi na jibu, kisha huizunguka kwa hatua fupi, na mara ya tatu kwa hatua fupi zaidi. Katika eneo la nukta 7 kila upande, ambalo upekuzi kamili hupita sehemu 225, njia hiyo hupita 25 tu. Njia zilizofuata ziliongeza ujanja mwingine, kama kuanzia kule kilikoelekea kipande cha jirani, kwa kuwa mtu akitembea bega na mkono wake huenda pamoja. Matokeo yake si kamili kama ya upekuzi wote, ila tofauti hiyo jicho halijali.

Hata hivyo, kwa kamera ya dukani ipo akiba kubwa kuliko hiyo. Kamera ya sinema au ya mpira hugeuka huku na huku. Ya ulinzi imepigiliwa misumari ukutani. Rafu, kaunta, nguzo na mlango wa stoo vipo palepale usiku na mchana. Mashine yenye akili haianzi na kutafuta. Huanza na swali jepesi: kipande hiki kimebadilika? Kama hakijabadilika, huandika alama ndogo ya kurukia na kuendelea mbele. Katika duka lililofungwa usiku, karibu vipande vyote hurukwa. Watengenezaji wakubwa wameuza mbinu za jamaa hii kwa majina ya kibiashara. Axis ya Sweden, kwa mfano, ilitoa yake iitwayo Zipstream mwaka 2015, na Hikvision ya China ina yake iitwayo H.265+. Hii ndiyo akiba ya haki: hakihesabiwi kisichobadilika, na picha ya mwizi haiguswi.

Njia ya mkato ni nyingine kabisa. Chipu ndogo haiwezi kubana kamera nane za 1080 zote kwa picha 25. Mtengenezaji akiweka chipu kubwa, bei inapanda na mteja anahamia duka la pili. Kwa hiyo hukatwa picha. Kwenye maboksi mengi ya bei nafuu mnunuzi atakuta maandishi "1080N" au "1080P Lite". Maana yake ni kuwa mashine hurekodi nukta 960 kwa upana badala ya 1,920, huku kwenda juu zikibaki 1,080. Wakati wa kuonyesha, huivuta picha pembeni ili ijaze kioo. Hesabu imepungua kwa nusu, na picha vilevile. Nyingine huziacha nukta zote lakini hushusha idadi ya picha hadi 12 au 15 kwa sekunde, na habari hiyo huwekwa katika kurasa za ndani za kijitabu.

Kwa haki, huo si udanganyifu, maana umeandikwa. Tatizo ni kwamba umeandikwa kwa alama ambazo mtu aliyezoea mizani na futikamba hana sababu ya kuzijua.

Hasara yake hupimika. Kiwango cha kimataifa cha mifumo ya kamera za ulinzi, IEC 62676-4, kinaeleza kuwa ili mtu asiyefahamika atambulike bila shaka, picha iwe na nukta 250 kwa kila mita ya upana wa eneo linalotazamwa. Kwa kumkumbuka mtu anayejulikana tayari, kama kibarua wa stoo, nukta 125 zinatosha. Kamera inayorekodi nukta 1,920 hufunika hivyo upana wa mita 7.7 kwa utambuzi kamili. Ya 960 hufunika mita 3.8 tu. Uso wa mtu una upana wa sentimeta 16 hivi. Kwa kiwango cha nukta 250 hupata nukta 40, na chini ya hapo macho na pua huanza kuwa madoa.

Kutokana na hesabu hiyo, jibu si moja kwa kila mtu. Mwenye fremu nyembamba ya mita tatu hana hasara kubwa akinunua ile ya nusu picha, na pesa iliyobaki anaweza kuongeza ukubwa wa diski. Mwenye stoo ya mita saba, ambako mabegi na maboksi yanaingia na kutoka kwa mikono ya watu asiowajua, akinunua hiyohiyo atakuwa ameweka pambo ukutani.

Aidha, kama ni lazima kukata, afadhali ikatwe idadi ya picha kuliko nukta. Mtu anayetembea kawaida huenda mita 1.4 hivi kwa sekunde. Kwa picha 12 husogea sentimeta 12 kati ya picha moja na nyingine, na hakuna mwizi anayeweza kujificha ndani ya sentimeta 12. Kaunta ya kuhesabia fedha ndiyo pekee inayostahili picha 25, kwa kuwa vidole huenda mbio. Ikumbukwe tu kuwa picha zikipunguzwa nusu, diski haipungui matumizi kwa nusu kamili. Picha zilizoachana kwa muda mrefu hutofautiana zaidi, na tofauti ndiyo inayoandikwa.

Hapo inaingia hali ya Kariakoo yenyewe. Ujanja wa kuruka kisichobadilika hutegemea kuwapo kwa kisichobadilika, na kamera nyingi za hapa zimeelekezwa mahali pabaya. Khanga na magauni yaliyotundikwa mlangoni hupepea kutwa. Feni ya darini huzunguka. Runinga ya kuvutia wateja huangaza ukutani. Kamera inayotazama mtaani huona bodaboda, mikokoteni na umati tangu asubuhi. Yote hayo ni mabadiliko, na mashine huyahesabu kwa bidii ileile ambayo ingemhesabu mwizi. Kuisogeza kamera hatua mbili ili feni itoke kwenye picha huokoa zaidi ya kununua diski. Mashine nyingi pia zina uwezo wa kuziba sehemu ya picha kwa rangi moja. Sehemu iliyozibwa haibadiliki, basi hurukwa bila gharama.

Usiku una adha yake. Kamera ikikosa mwanga hujilazimisha kuona, na matokeo yake ni chembechembe zinazocheza picha nzima. Jicho la mtu huzipuuza, lakini kwa mashine kila chembe ni kitu kilichohama. Ndiyo maana duka lenye giza totoro, lisilo na mtu ndani, huweza kujaza diski kuliko linavyofanya mchana. Taa moja ndogo ikiachwa inawaka huzipunguza chembe hizo sana. Kwa kamera zinazomulika zenyewe kwa mwanga usioonekana, adui ni buibui: uzi mmoja mbele ya lenzi humetameta usiku kucha. Ufagio wa kila wiki ni sehemu ya teknolojia.

Utaratibu mpya zaidi wa H.265, uliopitishwa mwaka 2013, hutoa picha ya ubora uleule kwa karibu nusu ya nafasi ya H.264. Wauzaji hulisema hilo kwanza, na ni kweli. Lisilosemwa ni kuwa nusu hiyo hununuliwa kwa hesabu nyingi zaidi, maana vipande vyake vina ukubwa mbalimbali na mashine hujaribu njia nyingi kabla ya kuchagua moja. Hesabu hiyo hurudi tena wakati wa kutazama. Rekodi ikipelekwa kwenye flashi kwa wapelelezi au kwa wakili, kompyuta ya zamani huweza kuikataa au kuionyesha kwa kukwamakwama. Duka lenye diski kubwa na umeme wa uhakika halina haraka ya kuhama.

Kuhusu umeme, mfano mmoja unatosha. Mashine ikila wati 20 na kamera nane zikila wati 5 kila moja, jumla ni wati 60, yaani yuniti 43 kwa mwezi wa siku 30. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 haiwezi kuubeba mzigo huo hata saa moja na nusu. Betri ya sola ya ampea-saa 100, ikitumika hadi nusu, hufikisha saa 10. Sehemu ya chipu katika wati hizo si kubwa, hivyo mwenye umeme wa kawaida asitarajie kuona nafuu ya hesabu kwenye Luku. Mambo hubadilika kwa kamera za sola zisizo na waya, zinazowekwa kwenye maghala na viwanja nje ya mji. Huko kila hesabu inatoka kwenye betri, ndiyo sababu kamera hizo hulala na kuamka pale tu kihisio kinapoona joto la mtu. Nadharia ya kuihamisha kabisa kazi nzito kutoka kwa kamera kwenda kwa mashine inayopokea ipo tangu miaka ya 1970. Wyner na Ziv waliiweka msingi mwaka 1976. Madukani bado haijawa bidhaa ya kawaida.

Jambo moja linalosahaulika ni nakala ya nje. Usiku wa Jumamosi, 10 Julai 2021, moto uliteketeza soko kuu la Kariakoo, jengo lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Katika moto wa namna hiyo diski iliyomo dukani huungua pamoja na duka. Kupeleka kamera nane nje kwa ubora kamili kunataka megabiti 32 kwa sekunde za kupakia, mchana na usiku, jambo ambalo bando la mwenye duka dogo haliwezi. Lakini kupeleka dakika 30 za matukio ya usiku kwa megabiti 1 ni megabaiti 225 tu. Kwa kazi hiyo mashine hubana picha mara mbili kwa wakati mmoja, kubwa ya diski na ndogo ya mtandao, na chipu dhaifu hushindwa hapo kwanza.

Pia kuna sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaikubali rekodi ya kielektroniki kuwa ushahidi, na mahakama hutazama jinsi ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na kama haikuchezewa. Saa ya mashine ikiwa imekosea kwa siku mbili, wakili wa upande wa pili atashukuru. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaigusa kamera inayorekodi sura za watu. Kuziba kwenye picha mlango wa jirani na sehemu ya barabara isiyomhusu mwenye duka hupunguza hesabu ya mashine na maswali ya sheria kwa pamoja.

Kwa wawekezaji wadogo wanaofikiria kuchangia kontena la vifaa hivi kutoka Guangzhou, tahadhari kubwa ni chipu na si jina la boksi. Hadi mwaka 2020 chipu nyingi za mashine hizi zilitoka HiSilicon, kampuni tanzu ya Huawei. Vikwazo vya Marekani vilivyoanza kuuma Septemba 2020 viliifungia kampuni hiyo viwanda vya kuitengenezea, na wenye mashine wakahamia kwa wengine, akiwamo Novatek wa Taiwan. Hivyo mashine mbili zenye jina na rangi moja, za miaka tofauti, zinaweza kuwa na uwezo tofauti kabisa wa kuhesabu. Sampuli moja ifunguliwe na kupimwa kabla ya kulipia mzigo. Kwa wanunuzi wa Zambia, Malawi na Kongo wanaofunga mizigo hapa, bidhaa inayorudishwa kutoka Lubumbashi imeshakula faida ya nyingine kadhaa.

Kipimo chenyewe hakihitaji fundi. Mnunuzi aombe kamera zote nane ziunganishwe kwa pamoja, si moja, maana mashine dhaifu hufanya vizuri ikiwa na kamera moja. Kisha risiti ya EFD iliyokwisha kutumika ishikwe kwa umbali ambao kaunta yake itakuwapo, na mtu apite mbele yake mara mbili. Asitazame picha ya moja kwa moja kwenye kioo. Mashine nyingi huonyesha picha nzima na kurekodi nusu. Airudishe rekodi nyuma, aisimamishe, aone kama jina la duka juu ya risiti linasomeka na kama uso wa aliyepita unajulikana. Visipoonekana, boksi lirudi kwenye rafu kabla fedha haijatoka.